Wiki moja kwenye mashua nyembamba, kutoka Lower Heyford hadi Newbridge

Mwaka wa kwanza tulifika Lechlade. Ndipo mto Thames wa Uingereza unapokaribia kuishia kwa chombo kama chetu. Tulifika jioni ya siku ya nne, tumechoka, tukapiga picha kwenye sanamu ya Old Father Thames pale St John's Lock, na alfajiri tukageuza tukaanza kukimbizana na saa ili turudishe mashua kwa wenyewe. Nikiulizwa tuliona nini, jibu langu ni fupi: maji mbele na saa mkononi.

Mwaka uliofuata tuliishia Newbridge, mbali kabisa na Lechlade. Tuliendesha saa nne kwa siku, zilizobaki tukawa kingoni na watu. Mwongozo huu ni wa safari hiyo ya pili.

Chombo chenyewe

Waingereza wanakiita narrowboat. Ni mashua ya chuma yenye upana wa mita 2.1 hivi, na urefu unaoweza kufika mita 21. Upana huo uliamuliwa karne ya 18, pale wahandisi wa kundi la James Brindley walipochimba mifereji ya katikati ya Uingereza na kujenga loki (vyumba vya maji vya kupandisha na kushusha vyombo) zenye upana wa futi 7 tu, ili kupunguza gharama na kuokoa maji. Mfereji wa Oxford ulianza kuchimbwa mwaka 1769 na kuufikia mji wa Oxford mwaka 1790. Makaa ya mawe yalipita humo kwa farasi. Siku hizi tunapita sisi, kwa dizeli.

Ndani kuna jiko la gesi, friji, bafu la maji moto, choo, vitanda, na mara nyingi jiko dogo la kuni au makaa. Kwa watu wanne chukua mashua ya mita 15 hadi 17. Tangazo linalosema "vitanda sita" lina maana kwamba wawili watalala mezani: meza inashushwa usiku na kuinuliwa asubuhi kabla ya chai. Wageni wenu wakiwa wazee, msikubali mpango huo.

Kukodi

Uingereza haidai leseni wala cheti ili ukodi mashua hizi. Kampuni itakufundisha kwa saa moja au mbili, itakupa ramani, kisha itakuacha na chombo cha tani 15 au zaidi. Wiki moja wakati wa kiangazi huzidi pauni 1,000, na bei hupanda sana shule zikifungwa, mwisho wa Julai na Agosti yote. Mimi napenda Juni. Jua linazama saa tatu na nusu usiku, na nyasi bado hazijakauka.

Kabla ya kulipa, uliza mambo haya, na uyapate kwa maandishi. Je, mashua inaruhusiwa kuingia Thames, au ni ya mfereji tu? Mfereji unasimamiwa na Canal & River Trust na mto unasimamiwa na Environment Agency, kwa hiyo kibali cha mmoja si kibali cha mwingine. Je, kibali cha mto kimo katika bei? Kuna nanga, na jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, watoto wakiwemo? Mfereji hauhitaji nanga, lakini mto unaihitaji: injini ikizima juu ya bwawa la kuzuia maji, nanga ndiyo inayokuzuia usipelekwe. Na mwisho, mto ukifurika nirudishiwe nini?

Lower Heyford naipendekeza kwa sababu moja ya wazi: kituo cha reli kiko kando ya mfereji. Unatoka Oxford kwa treni, unashuka, unavuta begi hatua chache, umefika. Leta begi laini. Sanduku gumu la magurudumu halina pa kukaa ndani ya mashua, na litakupiga muundi wiki nzima.

Chakula nunueni Oxford kabla ya treni. Barabara ya Cowley ina mabucha ya nyama halali na maduka ya viungo, na mkishaondoka mjini hamtayaona tena. Chukueni mchele, unga wa ngano, mafuta, iliki na tangawizi. Sababu ya unga nitaieleza mbele.

Kushika kana

Mashua hii haina duara la usukani kama gari. Unasimama tezi, nyuma kabisa, mkono kwenye kana, yaani mpini wa usukani, na kana inafanya kama ile ya jahazi: ukiisukuma kushoto, omo, yaani mbele ya mashua, inakwenda kulia. Binamu yangu aliyekulia kwenye ngalawa Tanga hakuhitaji somo. Walioteseka ni sisi madereva wa magari, tuliokuwa tunasukuma upande tunaotaka kwenda na kuingia kwenye matete.

Kumbuka kwamba mashua inazunguka kwa katikati yake. Omo ikienda kulia, tezi inakwenda kushoto, na ukiwa karibu mno na ukingo tezi itaugonga. Breki hakuna. Unasimama kwa kurudisha gia nyuma, na wakati huo usukani haukusikii, kwa hiyo nyoosha chombo kwanza, ndipo urudishe gia. Mkikutana na mashua nyingine kila mmoja akae kulia kwake.

Mwendo ni wa mtu anayetembea. Ukiona wimbi linakufuata kingoni na kuvunjika kwenye udongo, umezidisha.

Rafadha, ile pangaboi ya chini ya maji inayosukuma mashua, ikinasa matambara au majani, injini itanguruma na mashua haitasogea. Kuna mfuniko nyuma wa kuifikia. Zima injini, chomoa ufunguo, tia mfukoni mwako mwenyewe, ndipo ufungue na kutia mkono. Ukimaliza, hakikisha mfuniko umerudi na kukazwa vizuri, maana ukiwasha injini mfuniko ukiwa wazi maji yataingia ngamani. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Maji haya yana mkojo wa panya, na ugonjwa wake ni ule ule uliozuka Lindi mwaka 2022 ukaitwa homa ya mgunda.

Loki, polepole

Loki ni chumba cha maji chenye milango mbele na nyuma, cha kushusha au kupandisha chombo pale ardhi inapobadilika. Kwenye mfereji unaiendesha mwenyewe, kwa chuma kilichopinda kama herufi L ambacho kampuni itakupa. Omba viwili. Kimoja kitaanguka majini.

Kutoka Lower Heyford kwenda kusini mnateremka. Utaratibu ni huu. Msimamishe mashua mbali kidogo, mmoja ashuke akaangalie. Chumba kikiwa kitupu, fungeni milango ya chini na vizibo vyake, yaani vifuniko vya matundu ya kupitishia maji, mfungue vizibo vya juu kijae. Maji yakilingana, mlango wa juu unafunguka kwa kusukumwa na mgongo. Usipofunguka, maji hayajalingana, na hata mkiwa watu watano hautatii. Mashua inaingia. Mlango unafungwa, vizibo vya juu vinashushwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti cha mawe kinachotokeza ndani ya chumba, na maji yakipungua kinabaki wazi. Tezi ikiwa juu yake, omo itashuka na tezi itabaki imening'inia, na mashua inaweza kuzama kwa dakika chache. Alama imepakwa rangi nyeupe ukutani. Mwenye kana akae mbele ya alama hiyo, asogeze gia kidogo kidogo asirudi nyuma, na asiangalie simu. Aliye juu afungue vizibo vya chini nusu kwanza, macho kwenye mashua. Neno la hatari liwe moja, mmekubaliana tangu asubuhi. Sisi letu lilikuwa "Shusha!", na likisikika, vizibo vinashushwa hapo hapo, maswali baadaye.

Kwenye loki ya kushuka kamba isifungwe popote. Na chuma kisiachwe kwenye mhimili wa kizibo: kikwamo kinachouzuia usizunguke kikiteleza, chuma kitazunguka kama panga, na kuna watu waliovunjika taya. Mkitoka, fungeni milango na vizibo vyote.

Hesabu dakika 15 hadi 20 kwa kila loki. Mkiwa wapya, mara mbili yake.

Siku kwa siku

Siku ya kwanza mtakabidhiwa mashua saa tisa alasiri hivi. Msijaribu kufika mbali. Piteni Dashwood Lock, mkipenda na Northbrook, kisha mfunge mahali penye miti. Vigingi viwili vinapigwa ardhini kwa nyundo, kamba ya omo inavutwa mbele na ya tezi nyuma. Asiyewahi kulala juu ya maji ataamka usiku akidhani amesikia mtu. Ni bata anayedonoa majani kwenye chuma.

Siku ya pili, baada ya Pigeon Lock, mnafika Baker's Lock, na hapo mfereji unaingia ndani ya mto Cherwell kwa zaidi ya kilomita moja. Kabla ya kuingia angalieni kipimo cha maji kilichopakwa rangi: kijani nenda, nyekundu baki. Baada ya mfereji usio na mkondo, hapa mtausikia mkondo ukiwasukuma. Mnatoka mtoni kwa Shipton Weir Lock, ambayo chumba chake ni kipana na kina umbo la almasi. Lalieni Thrupp, kijiji cha mstari mmoja wa nyumba kandokando ya mfereji, chenye baa na mgahawa wa chai. Mfereji unapinda hapo kama kiwiko, na baada ya kona kuna daraja la kuinuliwa. Mmoja ashuke kulifanyia kazi.

Siku ya tatu ni ya kutoka mferejini. Roundham, Kidlington Green, Duke's Lock, na mara baada yake mnapinda kulia kuingia Duke's Cut. Kijia hiki kinawatoa kwenye Thames, juu kidogo ya King's Lock. Vaeni majaketi kabla ya kutoka, nanga iwe imefungwa kwenye chombo na kamba yake wazi. Mnakwenda dhidi ya mkondo, kuelekea Eynsham. Ghafla mto una upana, mierebi imeinama majini, ng'ombe wamesimama hadi magotini. Kama hamna kibali cha mto, mwambieni mlinzi wa loki ya Eynsham.

Karibu na loki hiyo kuna daraja la Swinford, lililofunguliwa mwaka 1769, ambalo magari hulipia senti 5 za pauni hadi leo. Foleni ya asubuhi inatisha, yote kwa ajili ya senti 5. Mashua zinapita chini bure.

Siku ya nne ni Pinkhill, Northmoor, kisha Newbridge. Daraja Jipya! Lina zaidi ya miaka 700. Pembeni mto Windrush unaingia Thames, na kuna baa mbili, Maybush upande huu na Rose Revived upande ule. Fikeni mchana. Geuzeni mashua siku hiyo hiyo mkiwa na nguvu, omo ielekezwe kwenye mkondo na tezi iachwe izunguke, kisha mfunge na msahau saa.

Siku ya tano, sita na saba ni kurudi: Newbridge hadi Duke's Cut, Duke's Cut hadi Thrupp au Shipton, kisha Heyford. Mkiufuata mkondo chombo kinakwenda kasi kuliko mnavyohisi, kwa hiyo punguzeni mapema mkikaribia loki. Mkitaka kufunga, geuzeni kwanza omo itazame mkondo, ndipo mkaribie ukingo.

Ukitaka kwenda juu zaidi, kodi mashua inayoanzia mtoni wenyewe. Utapata Radcot, ambako daraja la mwaka 1200 hivi bado lipo, lakini njia ya vyombo inapita chini ya daraja jingine la mwaka 1787, tao moja jembamba lenye kona, piga honi. Utapata pia Kelmscott, nyumba ya mashambani ya William Morris, msanii na mshairi wa Kiingereza, tangu 1871 hadi alipofariki 1896. Haifunguliwi kila siku, kwa hiyo angalia kabla.

Tabia za mto

Loki za Thames ni kubwa na kiangazi nyingi zina mlinzi. Kuanzia King's Lock kwenda juu zinaendeshwa kwa mikono, kwa magurudumu yaliyo kwenye milango, na chuma chako cha mfereji hakina kazi. Mlinzi akiwepo fuata asemalo. Hapa kamba zinatumika: moja omo, moja tezi, kila moja izungushwe kwenye nguzo na mwisho wake ushikwe mkononi, usifungwe. Injini zima.

Kwenye loki kuna pia vibao. Cha njano kinasema mkondo unaongezeka au unapungua. Chekundu kinasema mkondo ni mkali, na kwa mashua ya kukodi hapo ndipo safari inasimama hata kama anga ni la buluu, kwani mvua iliyonyesha juzi kwenye vilima vya Cotswold ndiyo inayofika leo. Tulikwama hivyo siku moja na nusu. Tulipika.

Mtu akianguka majini, tia gia katikati ili rafadha isizunguke, mtupie boya, msiruke kumfuata. Mferejini mara nyingi anaweza kusimama tu.

Watu wa maji

Mwingereza ambaye hakukutazama miaka mitatu kwenye treni ya London, kwenye loki atakuuliza umelala wapi, unakwenda wapi, na umeona nafasi za kufunga huko utokako? Msipite hapo kwa kichwa kuinama. Habari zote za njia zinapatikana hivyo: baa iliyofunga jiko, mti ulioanguka, mlinzi mkali. Wewe nawe uwe na la kusema.

Kusaidia ni desturi, ila omba kwanza. Usiguse kizibo cha loki yenye mashua ya mtu bila yeye kukukubalia kwa neno au mkono.

Mashua nyingi mtakazozipita zimefungwa, na kadhaa ni nyumba za watu mwaka mzima. Punguza mwendo kabla hujazifikia, kwa sababu maji unayoyavuta yanang'oa vigingi vyao, na huko ndani kuna mtu anamimina chai. Usichungulie dirishani. Ukitaka kuzungumza, simama kingoni, gonga paa kidogo, ngoja. Ni hodi kama hodi yetu. Kukanyaga chombo cha mtu bila kukaribishwa ni kosa kubwa, tena kinayumba na mwenyewe anajua mara moja.

Nafasi ikiwa finyu, unaweza kuomba kufunga ubavuni mwa mashua nyingine. Ukikubaliwa, pita kwenye chombo chao kwa upande wa omo, viatu vya matope mkononi. Usiku huo utakuwa na majirani, utake usitake.

Wavuvi wa ndoano wapo kuanzia tarehe 16 Juni, msimu wa mto unapofunguliwa. Hawapendi kelele wala salamu ndefu. Kaa katikati ya mto, punguza, inua mkono, pita.

Injini isingurume baada ya saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Sheria hiyo ndiyo inayotengeneza jioni: simu zimechajiwa mchana mashua ikitembea, sasa watu wanatoa viti kingoni. Hapo ndipo unga wa ngano unafanya kazi. Saa kumi alasiri kaanga mandazi, mlango wa mbele ukiwa wazi. Harufu ya iliki inatembea kingoni kuliko mwaliko wowote wa maandishi. Pale Northmoor tulimpa mlinzi wa loki manne. Tuliporudi siku iliyofuata alikuwa ametuwekea nyanya za shambani kwake.

Baa za kingoni si za walevi tu. Ni jiko, sebule na baraza la kijiji kwa pamoja, watoto na mbwa wakiwemo. Chakula kinaagizwa kaunta, usikae ukingoja mhudumu. Jiko mara nyingi hufungwa saa tatu usiku, na Jumapili mapema zaidi. Asiyekunywa pombe aagize juisi au chai bila kujieleza. Ukialikwa kinywaji, zamu yako inakuja. Wanunulie wote walio mezani, hata kama wewe unakunywa maji ya limau. Ukitaka kufunga mashua mbele ya baa, ingia kwanza uulize, na ule hapo.

Kwa wanaosali: maji ya udhu yanatoka kwenye tangi lile lile la kuoga, basi jazeni kila mnapokuta bomba. Na kibla kitafuteni mkishafunga, maana mto unapinda kila dakika kumi.

Asubuhi ya kurudisha

Mashua hudaiwa saa tatu asubuhi. Usiku wa mwisho lalieni mwendo wa nusu saa kutoka kituo cha kampuni, loki ya mwisho ikiwa nyuma yenu. Fagieni, osheni vyombo, semeni ukweli kuhusu mkwaruzo wowote kabla hawajauona. Mchele, sukari na mafuta yaliyobaki msiyabebe kwenye treni. Tembeeni kingoni hadi mashua ya kwanza yenye moshi, mgonge paa.